Cheo cha Thelathini na Mbili

Robineti ya uani ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, kisha ikakohoa tena. Hiyo ndiyo saa yangu. Katika mtaa wetu maji huja kabla ya mapambazuko na kuondoka wakati watu bado wanapiga mswaki, kwa hiyo kila jioni naiacha robineti wazi na kuweka sufuria tupu chini yake ili tone la kwanza liniamshe. Lakini asubuhi ile nilikuta mtu amenitangulia. Mjukuu wangu Lydie alikuwa amepanga ndoo zote kwa mstari ili nisihangaike kuzibeba, naye amekaa juu ya kigoda, karatasi zake magotini, anazisoma kwa mwanga wa simu.

Nilijua hakulala vizuri. Lydie anasoma historia katika chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na mwaka huu anaandika kazi yake ya mwisho. Somo alilochagua ni historia ya cheo cha juu kabisa cha jeshi la nchi yetu. Sura ya kwanza ni wakati wa Wabelgiji, ambapo askari mweusi aliweza kutumikia maisha yake yote bila kuwa afisa hata siku moja. Ya pili ni baada ya Uhuru, watu walipopanda vyeo kwa miezi ambavyo kwingine vinapandwa kwa miaka. Ya tatu ni Mareshali, cheo kilicho juu ya majenerali wote. Nchi yetu imepata Mareshali mmoja tu, Rais wa wakati ule wa Zaïre, mwezi wa Desemba 1982. Tangu aondoke na kufa ugenini, hakuna mwingine aliyevikwa cheo hicho.

Sura hiyo ya tatu profesa alikuwa ameirudisha. Pembeni aliandika kwamba hayo yote yametoka kwenye mtandao, na kwamba hataki tena kusoma mtandao. Anataka kujua watu wa Lubumbashi walilipokea namna gani neno hilo, kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwapo. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho, na asiyeleta anangoja mwaka mzima.

Nilitazama karatasi. Profesa alikuwa ameandika kwa penseli. Nilimwambia Lydie huyo si mtu mbaya, mtu mbaya angeandika kwa wino mwekundu. Hakucheka.

Ndipo nikamwambia kwamba mimi ninamjua Mareshali mmoja, na kwamba yu hai, anaishi mtaa wa Katuba, humu humu mjini.

"Nkambo," akasema, kwa neno letu la bibi au babu, polepole kama anayezungumza na mgonjwa, "Mareshali alikuwa mumoja tu."

"Wa inchi, njo," nikakubali. "Mi nasema wa Kompanyi."

Maji yalikuwa yamejaa ndoo ya kwanza. Tulipokuwa tunabadilisha, nikamweleza.

Zamani, kabla mama yake Lydie hajazaliwa, katika mitaa ya mji huu kulikuwa na vyama vya ngoma na vya kusaidiana. Chetu kiliitwa Kompanyi Upendo. Kilianzishwa na mzee Lucien, aliyekuwa mpishi wa afisa mmoja Mbelgiji. Mzee huyo alikuwa amesikia mezani, akigawa supu, kwamba juu ya jenerali kuna Mareshali. Basi alipoanzisha Kompanyi aliipa vyeo kama vya jeshi, kuanzia Mareshali hadi chini kabisa, na kila cheo kilikuwa na kazi yake. Jenerali alipanga ngoma. Kanali aliandika barua. Askari walibeba jeneza. Wanawake tuliitwa manesi, tukikaa na wagonjwa usiku na mchana. Naye Mareshali alikuwa na kazi mbili: kuingia wa kwanza katika nyumba yenye msiba, na kula wa mwisho katika nyumba yenye sherehe.

Kanuni ziliandikwa katika daftari. Cheo kimoja, mtu mmoja. Mwenye cheo akifiwa, Kompanyi inazika. Asiye na cheo si wetu. Anayezungumza na watu wa nje ni yule tu anayeamuru, na aliye juu akikosekana, anayemfuata ndiye anayeamuru. Tulikuwa watu thelathini na mmoja. Mareshali wetu alikuwa baba Chishimba, mtu wa reli, aliyechaguliwa baada ya kifo cha mzee Lucien. Mimi niliingia mwaka 1982. Nilikuwa wa thelathini na moja, nesi wa mwisho, mwenye kushika beseni.

Lydie alikuwa ameacha kuangalia karatasi zake. Aliuliza kama mzee huyo angekubali kuzungumza. Nikajibu kwamba sijui, lakini twende. Hakuna kitu kingine nilichomwambia asubuhi ile, ingawa kilikuwapo.

Tulioga, tukanywa chai. Jirani yangu Espérance, mwanamke wa Butembo anayeuza maharage kwa jumla, aliposikia tunaenda kwa mzee wa miaka themanini na nane, alitufungia vikombe vitatu vya maharage bila kuombwa, na akasema madogo madogo hayo yanaiva upesi, hayamchoshi mtu asiye na meno. Tulinunua pia munkoyo njiani, kinywaji chetu cha mahindi, bado cha siku moja, kitamu. Dereva wa teksi alisubiri mguu wangu wa kushoto uingie wote kabla ya kufunga mlango. Mtu husahau mambo kama hayo, lakini mimi siku zote huyakumbuka.

Baba Chishimba alikuwa amekaa nje ya mlango wake, ameegemea ukuta unaopata jua la asubuhi. Aliponiona, alishika fimbo, akajiinua. Ilimchukua muda. Nilimwambia asisumbuke, kama ninavyomwambia kila mara, na yeye akasimama kama anavyofanya kila mara, wima kabisa, akanisalimu kwanza.

"Jambo, mama Nesi."

"Jambo, baba. Kaa, kaa chini."

Hakukaa mpaka nilipokaa mimi. Nilikwisha kuzoea. Miaka michache hii amekuwa hivyo, na nilidhani ni adabu ya mtu mzee ambaye hana tena mambo mengi ya kufanya.

Nilimtambulisha Lydie, binti wa Myriam wangu. Alimuuliza habari za mama yake, za masomo, kama amekwisha kula. Lydie alieleza kazi yake vizuri, kwa heshima, bila maneno ya chuo. Alisema anataka kujua jinsi neno Mareshali lilivyofika Katuba, na jambo gani lilitokea mwaka ule redio ilipotangaza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa. Kisha akasema kwamba hawezi.

Lydie aliniangalia. Nikamuuliza mzee kama ni ugonjwa, au amesahau.

"Sisahau kitu," akasema. "Lakini mi niko mubeba maji. Mubeba maji hasemi na bantu ba inje kwa jina ya Kompanyi. Unajua kanuni, mama Nesi."

Lydie alishusha macho. Aliona Ijumaa yake inaondoka. Alidhani labda akili ya mzee imechoka, nami nikaona kwamba wakati umefika wa kumwambia kile nilichokuwa nimekiacha. Nilikisema pale pale, mbele ya mwenyewe, kwa sababu sikutaka kukisema nyuma yake.

Mwezi wa Desemba 1982 redio ilisema kwamba Rais amekuwa Mareshali. Hakuna aliyekuja Katuba kutukataza chochote. Hakuna askari, hakuna barua. Sisi wenyewe ndio tuliogopa. Jumapili iliyofuata tulikutana baada ya misa, na Kanali wetu, Floribert, akasimama akasema kwamba nchi ina Mareshali mmoja, na kwamba mtu mbaya akisikia kuna mwingine Katuba tutafungwa sote. Alipendekeza baba Chishimba awe Jenerali. Watu wakaitikia. Ilionekana jambo dogo, hatua moja tu.

Lakini Jenerali tulikuwa naye, baba Numbi. Basi baba Numbi angekuwa Kanali. Na Floribert, aliyekuwa Kanali, angeshuka chini yake. Walianza kuhesabu, kila mmoja akishuka kidato kimoja, wakicheka kidogo, mmoja akimtania mwenzake kwamba sasa atabeba mizigo. Hesabu ilizunguka chumba kizima. Wanaume wakaisha, wakaingia manesi. Nesi wa kwanza akawa wa pili. Wa pili akawa wa tatu. Mwishowe ikanifikia mimi, nimekaa karibu na mlango na beseni langu, na chini yangu hapakuwa na kitu.

Kuhesabu kukaishia hapo. Wote walijua hali ya nyumba yangu. Mume wangu Mulenga alikuwa amelala tangu Oktoba, na daktari alikuwa amekwisha kutuambia tumrudishe nyumbani. Myriam alikuwa na miaka mitatu. Asiye na cheo si wetu, ndivyo daftari linavyosema, na asiye wetu Kompanyi haimziki mtu wake.

Baba Chishimba ndiye aliyeuliza, akitaja jina langu: "Na Nkandu atashukia wapi?"

Mtu mmoja alisema tutaona. Mwingine akasema ni mgeni, anaweza kungoja mpaka nafasi ipatikane. Baba Chishimba aliwasikiliza. Kisha akasema kwamba bado yeye ni Mareshali mpaka atakapoondoka kwenye kiti, na kwamba anatoa amri ya mwisho: Kompanyi inafungua cheo kipya, cha thelathini na mbili, mbeba maji. Akavua kofia yake, akaiweka mezani, akatembea katikati ya watu wote hadi mlangoni, akaketi chini nyuma yangu. Hakuna mwingine aliyehama hata kidato kimoja.

Mulenga alikufa mwezi wa Januari. Kompanyi ilimzika. Tuliporudi kutoka makaburini, mtu aliyekuwa amesimama kwenye lango na ndoo na kopo, akimimina maji juu ya mikono ya kila aliyeingia, alikuwa baba Chishimba. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, mkubwa kazini kwake relini. Nilipofika, alinimiminia polepole kuliko wengine.

Nilipomaliza kusema, Lydie alikuwa anafuta uso kwa pindo la nguo yake. Mzee alikuwa anaangalia kuku.

"Na kwa nini hawakukurudisha, nkambo?" Lydie akamuuliza. "Nyuma ya 1997? Mareshali wa inchi alishaenda."

Hapo alijibu, kwa kuwa hilo halikuwa jambo la Kompanyi bali la watu. Alisema baba Numbi alizoea kuwa juu, na si vibaya mtu kuzoea. Baada ya Numbi aliamuru Floribert, na Floribert aliona haya kwa sababu yeye ndiye aliyesema kwanza siku ile. Kila Krismasi alikuja hapa kulizungumza hilo, na kila Krismasi waliishia kuzungumza mvua. Mzee alicheka kidogo. Alisema alikuwa anamwonea huruma, akawa anaanza mwenyewe habari za mvua ili kumsaidia.

Halafu vijana wakaacha ngoma, wazee wakaondoka mmoja mmoja. Floribert alikufa miaka minne iliyopita. Nilikuwa kwenye mazishi yake.

"Basi nani iko anaamuru sasa?" nikauliza. Niliuliza bila kufikiri, kama mtu anavyouliza saa.

Baba Chishimba aliinua macho kutoka kwa kuku. Aliniangalia tu. Kwanza sikuelewa. Kisha nikaanza kuhesabu ndani ya moyo wangu, kutoka juu, kama walivyohesabu siku ile. Numbi hayupo. Floribert hayupo. Askari wote, manesi wote, nilikuwa nimekaa katika misiba yao yote. Nilifika kwangu, na juu yangu hapakuwa na mtu.

Nikakumbuka fimbo ile, na kujiinua kule, na salamu ile ya kwanza kila nilipokuja, tangu Floribert alipozikwa.

"Miaka ine," nikasema. "Miaka ine unasimama, na hauniambie?"

"Mubeba maji hafundishe mukubwa wake kazi," akasema baba Chishimba. "Nilikuwa nangojea."

Kwa kweli nilikasirika, lakini kwa muda mfupi tu, kwa sababu Lydie alianza kucheka, na mzee naye akaanza, na mimi sikuweza kukasirika peke yangu. Alimwomba Lydie aingie ndani achukue sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Mtoto wa Floribert ndiye aliyemletea baada ya mazishi. Ndani kulikuwa na daftari, na juu ya daftari kofia, imefungwa katika kitambaa safi. Nilikinusa kitambaa kile. Kilikuwa kimefuliwa si muda mrefu. Mtu huyu alikuwa anafua kitambaa cha kofia asiyoivaa.

Nilimwambia kwamba ningeweza kumpa ruhusa ya kusema, na kazi ya mtoto ingekwisha. Lakini sikutaka iishe hivyo. Nikaomba kalamu ya Lydie. Mimi sikusoma sana, niliishia mwaka wa nne, na mkono wangu ni mzito. Niliandika taratibu, nao hawakuniharakisha. Niliandika tarehe. Kisha: *Mimi Nesi Nkandu, mwenye kuamuru Kompanyi Upendo, ninamrudisha baba Chishimba katika cheo chake cha Mareshali. Mimi ninabaki nesi, na beseni langu.*

Nikamsomea. Alifikiri kidogo.

"Hii ni amri, ao ni ombi?"

"Ni amri."

"Sawa," akasema. Akachukua kofia, akaiangalia ndani na nje, akaivaa. Ilikuwa kubwa kidogo, kichwa kimepungua. Nami nikasimama, kwa sababu sasa ilikuwa zamu yangu, na goti langu la kushoto likalia hata Lydie akalisikia. Mzee akaniambia nikae, nisisumbuke. Nikasimama hadi mwisho.

Kisha Mareshali akageuka kwa Lydie, akamwambia aanze kuandika.

Alisema kutwa nzima. Maharage ya Espérance yaliiva upesi kama alivyosema mwenyewe, nikasonga bukari, ugali wetu. Lydie aliandika kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine. Nilipompa mzee sahani yake, aliishika tu magotini, akangoja mpaka sisi wawili tumalize ndipo akaanza. Lydie aliona, akamweleza jambo alilolisoma: kwamba neno lenyewe, Mareshali, zamani sana huko Ulaya lilikuwa jina la mtumishi wa kutunza farasi wa bwana, na kwamba lilipanda kidogo kidogo kwa mamia ya miaka mpaka likapita majenerali.

Mzee aliacha kutafuna. "Na ule mutumishi, njo alikuwa anapatia farasi chakula?"

"Njo yeye."

"Basi farasi alikuwa anakula mbele, na yeye nyuma." Aliridhika sana na hilo, akalirudia mara mbili, kama mtu aliyepata habari za ndugu wa mbali.

Ijumaa Lydie alipeleka sura. Alirudi jioni, akaniwekea karatasi mapajani. Profesa alikuwa ameisoma mbele yake yote, amesimama, na chini ya ukurasa wa mwisho ameandika, tena kwa penseli, kwamba hii sasa ni historia. Alimuuliza pia kama mzee anapokea wageni. Lydie alimjibu kwamba lazima kwanza aulize kwa wakubwa, na alipokuwa ananisimulia hayo alinipigia saluti katikati ya jikoni.

Jumapili baada ya misa tulirudi Katuba tumsomee. Alitusikiliza amevaa kofia, kiganja nyuma ya sikio. Mahali pa siku ile ya Desemba alifunga macho. Lydie alipomaliza, mzee akamwambia kwamba ameandika vizuri, bila kuongeza kitu. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyemaliza.

Tuliposimama kuaga, aliweka mkono juu ya karatasi ili Lydie asizikunje.

"Umeandika mi na nkambo yako," akasema. "Ni babili. Bengine makumi mbili na tisa beko wapi? Numbi alikuwa anaimba sana, unajua? Na Floribert alikuwa na barua nzuri kupita bote." Alimtazama Lydie, kisha mimi, kisha njia iliyo mbele ya nyumba, kama sisi wawili tulikuwa tumekwisha kuondoka. "Mukuje tena Jumapili ingine. Mukuje asubui, jua ikiwa bado hapa kwa ukuta."